Hedifoni ya studio ya laki mbili na ishirini inanichoma masikio kuliko ile ya buku 15, nimepigwa au sijui kusikiliza?

#1 NsumbaWaNyegezi
Wakuu habari za jioni. Miaka yote muziki nasikilizia kwenye laptopu, na nilikuwa natumia hedifoni ya Bluetooth niliyonunua mtaani kwa buku 15, besi yake inatikisa fuvu, nikawa najiona nimemaliza. Mwezi uliopita jamaa mmoja Kirumba hapa Mwanza alikuwa anafunga kistudio chake akawa anauza vitu, nikachukua Beyerdynamic DT 990 Pro, ile ya ohm 250 (yani ukinzani wake wa umeme ni mkubwa), waya wake umejikunja kama wa simu za mezani. 220,000 keshi mkononi. Kila ninapopita mtandaoni naona watu wanaisifia.

Sasa nimeichomeka. Kwanza sauti ndogo, napandisha mpaka 100 ndo nasikia raha. Pili besi ipo ila iko mbali, kama ngoma inapigwa ng'ambo ya Kamanga na mimi nimekaa Capri Point. Tatu, na hili ndo limeninyima usingizi, mwimbaji akitamka "s" au matoazi yakigongwa nasikia sindano. Dakika ishirini tu naivua. Afu nikichomeka chaja ya laptopu kuna mvumo mwembamba unaingia.

Nibadilishe nini kwanza? Ampu ya kukuza sauti? DAC, kile kifaa cha kugeuza sauti ya dijitali ya kompyuta kuwa umeme wa kwenda kwenye hedifoni? Nyimbo? Au niuze nirudi kwenye buku 15 yangu? Nimepanga chumba na sebule, jirani yangu ni baa.

#2 BwanaSato
Yani jirani yako ni baa afu umenunua hedifoni ya mgongo wazi? Hiyo DT 990 nyuma ina matundu mkuu, ya nje yanaingia na ya ndani yanatoka. Wewe sasaivi unasikiliza nyimbo zako au za baa? 😂😂

#3 KijanaWaMalimbe
Jibu rahisi, ohm 250 laptopu haiwezi kusukuma. Tafuta ampu. Bila ampu hata besi haitoki, ni sawa na kufunga injini ya bodaboda kwenye fuso. Uzi ufungwe.

#4 MkereweHalisi
Naweka kambi hapa, na mimi nataka kununua.

#5 OhmNaVolti
#3 usifunge uzi mapema hivyo ndugu. Tupige hesabu kidogo, haiumi. Hiyo hedifoni watengenezaji wanaandika desibeli 96 kwa miliwati 1. Miliwati 1 kwenye ohm 250 ni nusu volti. Tundu la laptopu ya kawaida linatoa kama volti 1 hivi, wengine zaidi wengine pungufu. Volti 1 kwenye ohm 250 ni miliwati 4, yani unaongeza desibeli 6, unafika 102. Hiyo desibeli 102 sio sauti ndogo, ukiikalia muda mrefu utakuja kuniambia "eti?" kila nikikuongelesha.

Kwahiyo nguvu ipo, ni ya kutosha tu, sio ya kumwaga. Mleta uzi anapandisha mpaka 100 kwasababu mbili: amezoea Bluetooth ambayo ina ampu yake ndani imewekwa kupiga kelele, na mgongo wazi unamwingizia baa mpaka ndani ya kichwa. Ohm ni kubwa ndio, ila ohm haihusiani na ile sindano ya "s". Ampu haitaitoa. Utanunua ampu ya laki na nusu afu usikie sindano ile ile kwa sauti kubwa zaidi.

#6 KijanaWaMalimbe
Kwahiyo wote duniani wanaosema ohm 250 inataka ampu ni wajinga, wewe ndo unajua?

#7 OhmNaVolti
Sijasema hivyo dogo. Inasaidia kama una wimbo uliorekodiwa kwa sauti ya chini, au laptopu yako inatoa nusu volti tu. Nimesema sio ugonjwa wake.

#8 DadaKirumba
Mimi naedit video, hedifoni iko kichwani saa sita kwa siku, ngoja niseme la kwangu. DT 990 inajulikana dunia nzima kwa trebo, yani zile sauti nyembamba za juu. Ina mlima mkali pale karibu na kilohezi 8, ndo eneo la "s" na matoazi. Kwa mtu wa studio ni kazi nzuri maana unasikia kila uchafu, mate ya mwimbaji unayasikia. Kwa mtu anayetaka kupumzika jioni ni mateso. Hujapigwa kaka yangu, umenunua panga la kukatia nyama ukaenda kumenyea chungwa.

Dawa ya bure: kama unatumia Windows pakua Equalizer APO, ni ikwalaiza, yani programu ya kupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti, haina malipo, juu yake weka Peace ili uwe na vitufe vya kueleweka. Shusha pale kilohezi 8 desibeli 5 au 6. Sikiliza siku tatu bila kurudi nyuma. Mimi nilianza na Sony MDR-7506, ile ya tangu 1991, nayo ina "s" kali tu, bila ikwalaiza ningeshaitupa ziwani.

#9 MzeeWaSantuli
Vijana mwangaluka. Naomba kuuliza kabla hamjamnunulisha mwenzenu ikwalaiza. Hizo nyimbo umezitoa wapi?

#10 NsumbaWaNyegezi
Shikamoo mzee. Nyingi ni za kwenye flashi, wale jamaa wa mjini wanaoingiza nyimbo, elfu mbili unajaziwa. Nyingine nimebadilisha mwenyewe kutoka YouTube kuwa MP3. Ila nimechagua kilobiti 320 zote.

#11 MzeeWaSantuli
Marahaba. Nilijua. Hiyo 320 yako imeandikwa 320, ila maji ya kikombe ukiyamimina kwenye ndoo hayawi ndoo. YouTube yenyewe inakupa sauti iliyobanwa, kiasi cha kilobiti 128 hivi, mashine ikiigeuza kuwa MP3 inaibana mara ya pili na kuandika juu yake namba kubwa. Na ya kwenye flashi imepita mikono mingapi? Wa kwanza kapakua, wa pili kakopi, wa tatu kaongeza sauti ya kujitangaza "oyaa haya ni mambo ya fulani" katikati ya wimbo. MP3 iliyobanwa sana matoazi ndo yanaanza kuoza, yanakuwa kama mchele unamwagwa kwenye sinia. Hedifoni ya buku 15 ilikuwa inakuficha. Hii ya Wajerumani imekutolea nguo nje.

Mimi nina sidii za zilipendwa, nilizihamisha mwenyewe kwenye kompyuta kwa FLAC, hezi 44,100 biti 16, haijapungua kitu. Anza hapo.

#12 BwanaSato
Mzee wangu na heshima zote, zilipendwa zile nyingi zimerekodiwa mono, sauti ile ile masikio yote, na maikrofoni chache, unazihamishia FLAC ya nini? Si unahifadhi mkwaruzo kwa ubora wa juu 😂

#13 MzeeWaSantuli
Mkwaruzo wangu naupenda. Na mono ya gitaa la solo lililopigwa vizuri ni bora kuliko stereo yenu ya kompyuta inayozunguka kichwani kama nzi.

#14 SikioLaKushoto
Kwa faida ya mono hapo juu: mimi sikio la kulia halifanyi kazi tangu utotoni. Windows ina sehemu ya kuunganisha sauti kuwa mono, iko kwenye mipangilio ya urahisi wa matumizi. Kabla sijaijua nilikuwa nasikia nusu ya wimbo, kuna magitaa sikuwahi kujua yapo. Mleta uzi angalia isije ikawa imewashwa na wewe, laptopu ya mtumba huwezi jua mwenyewe wa kwanza aliweka nini.

Na la pili, huko kupandisha 100 punguza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima desibeli 80 iwe saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu. Kwa 102 ya #5 piga hesabu mwenyewe zinabaki dakika ngapi. Nililobakiwa nalo ni moja tu, nalionea huruma.

#15 FundiWaArthi
Mmeruka mvumo wa chaja, na mimi ndo chakula changu hicho. Mkuu chaja yako ni ya pini tatu au mbili? Ukigusa bati la laptopu wakati inachaji unahisi kama sisimizi wanatembea? Kama ndio, nyumba yako haina arthi. Na kwa Mwanza hii ni ugonjwa wa mji mzima. Nyumba za mlimani huku Mabatini mpaka Bugando, ukipiga ile fimbo ya arthi inagonga jiwe futi moja chini, fundi mvivu anaikata kwa msumeno anabakiza kipande cha juu kinachoonekana, mwenye nyumba anaona shaba imesimama anafurahi. Na hata ikiingia yote, mwamba haupitishi umeme vizuri kama udongo wa mfinyanzi. Mimi nilishakuta soketi ya tundu tatu, nimefungua, waya wa arthi umekunjwa ndani haujafika popote, upo kwa ajili ya picha.

#16 OhmNaVolti
Fundi nakuheshimu ila hapo sikubali. Mvumo wa kuzunguka arthi unahitaji njia mbili, mfano laptopu iwe imeunganishwa na redio kubwa ambayo nayo iko kwenye umeme. Hedifoni imekaa kichwani kwa mtu, haina arthi nyingine, mzunguko utatokea wapi? Huo mvumo ni uchafu wa ndani ya laptopu yenyewe, saketi ya kuchaji iko sentimita chache na saketi ya sauti. DAC ndogo ya nje ya USB inaweza kuutoa, hata kile kiadapta cha Apple cha USB-C kinachouzwa dola 9 kule kwao ni DAC kamili ndani na watu wamekipima kikatoka kisafi. Ila chukua toleo la Marekani, linatoa volti 1, la Ulaya limebanwa nusu yake, na kwa ohm 250 utalia.

#17 FundiWaArthi
Sisimizi wale wanatoka wapi basi kama arthi haihusiki? Bati la laptopu linaelea na volti juu yake, mtu kavaa hedifoni, kaweka mkono juu ya kibodi, yeye mwenyewe ndo njia ya pili. Nje ya mji kwangu mvumo uliisha siku nilipochimba shimo nikamwaga mkaa na chumvi nikasimika fimbo mpya. Vitabu vyako havijawahi kupanga nyumba Mabatini.

#18 OhmNaVolti
Na siku hiyo hiyo ulibadilisha chaja?

#19 FundiWaArthi
Nilibadilisha ndio, ile ya zamani waya ulikuwa umeliwa na panya. Ila haihusiani.

#20 BwanaSato
Hahahaaa. Haihusiani.

#21 mama_wawili_Igoma
Jamani samahani naingilia. Mimi yangu imefanya kitu cha ajabu, kila wimbo mwimbaji hayupo, zimebaki ala tupu na sauti ya mbali kama mtu yupo chooni. Wanangu wanaimbia karaoke wanafurahi, mimi nataka kusikia kwaya yangu. Ni hedifoni imekufa?

#22 DadaKirumba
Dada pini haijaingia mpaka mwisho, au ina kutu, au umechomeka pini ya pete tatu kwenye tundu lisiloelewana nayo. Ule mguso wa pamoja ukikatika, masikio yako yanapata tofauti ya kushoto na kulia tu, na kwa kuwa mwimbaji huwa anawekwa katikati sawa pande zote, anafutika. Zungusha pini, vuta kidogo nje, atarudi.

#23 mama_wawili_Igoma
Amerudi!! Nimevuta milimita moja tu. Mungu akubariki dada, watoto wamenuna.

#24 KijanaWaMalimbe
Turudi kwenye mada. Nimelala nimewaza. Mleta uzi laptopu yako ilikuja na programu ya sauti ya watengenezaji? Maana zile zinapigiwa spika ndogo za laptopu, zinaongeza trebo na "uwazi" ili spika za saizi ya sarafu zisikike, afu ukichomeka hedifoni haijizimi. Mimi yangu niliikuta imewashwa, nikaizima pamoja na maboresho yote ya sauti ya Windows, nikahisi nimenunua laptopu mpya. Nabakia kwenye ampu lakini hili naliongeza.

#25 NsumbaWaNyegezi
Ipo ndio, imeandikwa imewekwa kwenye "Muziki". Sijawahi kuigusa. Afu wakuu swali jingine, kwanini ile ya buku 15 nikifungua kikao cha mtandaoni muziki unageuka kama wa redio ya mkulima?

#26 OhmNaVolti
Bluetooth ya kawaida ikifunguliwa maikrofoni inahama kwenye njia ya simu, sauti inakuwa mono na nyembamba. Funga kikao itarudi. Hilo halina ubishi, nashukuru Mungu.

#27 MkereweHalisi
Mi bado nasoma. Huku kisiwani natumia sola, nataka hedifoni ya laptopu isiyo na ampu wala chaja wala ubishi, bajeti 150,000 mwisho. Mleta uzi akiiuza hiyo mi siitaki, nimeogopa.

#28 DadaKirumba
Mkerewe wewe chukua vile vidogo vya kuingiza ndani ya sikio vya waya vya Kichina, Moondrop Chu au 7Hz Zero, kwa kwao ni kama dola 20, hata ukiongeza nauli na faida ya muuzaji hufiki laki. Simu inavisukuma, laptopu inavisukuma, na vinaziba kelele kuliko hedifoni kubwa nyingi. Nasema hivi na nina hedifoni za bei mbaya mezani.

#29 SautiYaStudio
Hapana, vile vya ndani ya sikio kwa joto letu ni usaha baada ya mwezi. Achukue Audio-Technica M50x, ohm 38, imefungwa nyuma, waya unachomoka ukikatika unabadilisha. Mimi ninayo, imetumika miezi minne tu, sababu ya kuuza ni ada. Nicheki pembeni.

#30 mlinzi_wa_uzi
#29 matangazo yana jukwaa lake. Onyo la kwanza. (Na kwa mnunuzi yeyote, M50x feki zipo nyingi, angalieni mnachonunua.)

#31 SautiYaStudio
Mlinzi umeniharibia biashara hadharani.

#32 BwanaSato
Na hayo ya joto yanagusa kubwa pia. Zile za ngozi ya bandia, kwa jasho la huku mwaka haufiki inaanza kubanduka, unatoka nyumbani una madoa meusi masikioni kama umetoka kuchoma mkaa. Uzuri wa hiyo 990 ni pedi za kitambaa laini, haibanduki. Ila zinalala. Mleta uzi, pedi zako zimesimama au zimelala kama chapati?

#33 NsumbaWaNyegezi
Chapati kabisa. Studio walizitumia sijui miaka mingapi. Sikio langu linagusa kile kitambaa cha ndani.

#34 BwanaSato
BASI. Ndo hiyo. Pedi ikilala sikio linasogea karibu na spika na mziba wa pembeni unavuja, besi inakimbia, trebo inakupiga puani. Pedi mpya za Beyerdynamic zinauzwa zenyewe, hedifoni ile kila kipande kina spea yake mpaka utepe wa kichwani. Watu wameongea desibeli siku tatu, kumbe pedi.

#35 MzeeWaSantuli
Sato siku zote unatania, leo umesema neno. Lakini nyimbo zake bado ni mbovu.

#36 OhmNaVolti
Pedi inachangia, siwezi kukataa. Ila mpya nayo ina ule mlima wa 8, #8 amesema, na kila aliyeipima ameuona.

*(baada ya siku kumi na moja)*

#37 NsumbaWaNyegezi
Wakuu nimerudi na mrejesho. Pedi nilimwagiza mtu Dar, zimekuja na basi nikazipokea stendi hapa hapa Nyegezi, za kampuni nyingine sio za wenyewe maana za wenyewe hazikuwepo. Jumamosi nikakaa chini: nikaweka pedi, nikazima ile programu ya laptopu, nikaweka Equalizer APO nikashusha 8 kwa desibeli 5, afu nikamwomba rafiki yangu sidii orijino nikaihamisha FLAC kama mzee alivyosema. Sindano imepungua sana jamani. Haijaisha, ila juzi nimesikiliza saa mbili nzima sijavua. Besi imesogea, sasaivi iko kama Kirumba, haipo tena Kamanga. Kuna wimbo nimeusikiliza miaka kumi, nimegundua kuna mtu anacheka nyuma kabla ya kiitikio.

Asanteni wote. Baa bado naisikia.

#38 DadaKirumba
Niliwaambia ikwalaiza.

#39 BwanaSato
Pedi hiyo.

#40 MzeeWaSantuli
Huyo anayecheka kwenye MP3 yako alikuwepo? Hakuwepo.

#41 KijanaWaMalimbe
Programu ya laptopu, #24. Na ukiongeza ampu utashangaa.

#42 OhmNaVolti
Mkuu umebadilisha vitu vinne siku moja, sasa hapa kila mtu ameshinda. Fanya hivi: acha pedi, rudisha kimoja kimoja. Zima APO usikilize wimbo ule ule wa sidii. Afu washa, cheza MP3 ya wimbo huo huo kwa sauti ile ile, usiongeze maana kinachopiga juu kidogo masikio hukiona kizuri. Afu tupe majibu.

#43 NsumbaWaNyegezi
Ningefanya sasaivi ila umeme umekatika tangu saa kumi na moja, laptopu ina asilimia 14. Nimejaribu wimbo mmoja tu. Ila kitu kimoja naona, ule mvumo haupo kabisa.

#44 FundiWaArthi
Si unaona. Chaja imetoka kwenye soketi mbovu, mvumo umeondoka. Arthi.

#45 OhmNaVolti
Saketi ya kuchaji imezimika, mvumo umeondoka. Ndani ya laptopu.